Taa Chini ya Leso

Mama Mwikali wa Kambu alinunua trela mwaka uleule ambao trela ilimuua mumewe. Watu walisema huzuni imemvuruga akili. Mimi ndiye niliyeshika waya za trela hiyo, na nawaambia vijana kwamba sijapata kuona mtu mwenye akili iliyotulia kama yake siku ile alipokuja gerejini kwangu. Alisimama mlangoni na leso begani, akangoja nimalize kukaza skrubu niliyokuwa nayo, ndipo akasema, "Fundi Muli, kuna jambo nataka kujua, na wewe ndiye utakayeniambia."

Nitarudi hapo mlangoni. Kwanza lazima niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa alichokuwa anauliza.

Ninyi mna mita zinazosoma namba. Sisi tulikuwa na testa, yaani balbu moja, waya mbili na msumari uliochongwa ncha. Siidharau mita. Nina moja nyumbani, mjukuu wangu aliniletea, nami huipimia betri za redio ili asidhani nimeitupa. Lakini mita ina tabia moja mbaya. Itakuambia volti ziko zote, ishirini na nne kamili, hata kama ndani ya waya umebaki uzi mmoja mwembamba kama unywele. Balbu haiwezi kukudanganya hivyo. Balbu ina njaa. Ukiilisha kwa uzi mmoja itafifia mbele ya macho yako. Basi mkimaliza kupima kwa mita, wekeni balbu kubwa, ile ya breki, mwone kama itashiba.

Hayo nilifundishwa na Mzee Ndunda, pale Migwani, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Alikuwa amejifunzia waya kwenye kambi ya watengeneza barabara, halafu akafungua gereji nyuma ya posho mill, na ndiyo maana kila gari lililotoka kwake lilikuwa na unga kidogo. Mimi nilikuwa tayari na mke na shamba, lakini Ndunda hakujali. Alinitukana kama mtu aliyenizaa.

"Wewe Muli unatafuta ubovu kama mtu anayetafuta mchumba," aliniambia. "Unakimbilia ile inayong'aa."

Alisema kweli. Taa ikizima mimi nilikuwa naenda moja kwa moja kwenye taa. Naifungua, naipangusa, nabadilisha balbu, naifunga, nasimama mbali kuisifu. Inazima tena. Ndunda alikuwa akiniangalia huku anakunywa uji wake kwenye kibuyu, polepole, mpaka nichoke.

Siku moja aliniuliza, "Mgeni akija kwako unafanya nini?"

"Namkaribisha."

"Halafu?"

"Nampa uji."

"Halafu?"

"Anakunywa."

"Halafu analala hapo mpaka azeeke? Si unamsindikiza, ng'ombe wewe!"

Basi stima ni mgeni. Waya ya kuingilia kila mtu anaiona, imepakwa rangi, inapita mahali pake. Njia ya kurudi ni chuma chenyewe cha gari, ile tunayoita erthi, na kwa sababu hakuna waya ya kuonekana, hakuna anayeikumbuka. Ndunda alikuwa na neno la kumalizia, ambalo nimelirudia maisha yangu yote chini ya magari ya watu: "Mgeni asiyesindikizwa atatafuta mlango mwenyewe, na atapitia chumba cha kulala."

Wakati mwingine, lakini, erthi haina makosa, na ubovu unakaa mahali ambapo huwezi kuupata kwa akili. Kuna trela ya mchanga iliyoletwa Migwani, taa yake ya kushoto ikiwa inawaka siku za mvua tu. Jua likikaa wiki mbili, inazima. Mvua ikinyesha, inawaka. Dereva wake alikuwa mtu wa kutoka mbali kidogo, kule kunakokauka sana, na watu wa kwao walikuwa wameanza kuiheshimu hiyo taa. Walimwuliza imesemaje kabla ya kupanda ndengu. Ndunda alimwambia, "Taa inayojua mvua baada ya kunyesha haimzidi mbuzi," akaifungua. Ndani mlikuwa na nyumba ya nyigu, wale wanaofinyanga udongo. Udongo ukikauka uliishika springi ya balbu chini, haisukumi. Ukilowa unalegea, springi inainuka, taa inawaka. Ndunda alikwangua udongo kwa kucha, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Dereva aliondoka na taa nzima na uso wa huzuni. Nadhani angependa kubaki na ile ya zamani.

Nimewaambia hayo ili mjue nilifika Kambu na nini kichwani. Nilihamia huko miaka ya sabini kwa sababu ya barabara ya Mombasa. Migwani nilikuwa naona trela moja kwa mwezi. Kambu nilizisikia zikipita nikiwa mezani, na kwa sauti nikajua ipi imejaa na ipi inarudi tupu. Mchana barabara ilikuwa inatetemeka kwa joto, malori yanaonekana kwanza kama maji, halafu kama kivuli, halafu kama lori. Ng'ambo vilima vya Chyulu vilikaa tu, vya samawati, kama vimechorwa na mtu asiye na haraka.

Mutisya, mume wa Mama Mwikali, alikuwa mfanyabiashara wa ndengu na mbaazi. Alikuwa na pikapu ya buluu ambayo mimi nilikuwa naishughulikia. Asubuhi moja aliondoka kabla hakujapambazuka kwenda kununua mzigo. Kwenye mteremko baada ya Kambu kulikuwa na trela mbele yake, haina taa hata moja nyuma. Kama ilikuwa imesimama au inatambaa, hakuna anayejua. Aliingia chini yake bila kuacha alama ya breki kwenye lami, ndipo tukajua haikuwa na taa. Watu walipofika, trela ilikuwa imeshaondoka. Kilichobaki barabarani ni vioo, harufu ya dizeli, na pikapu. Hakuna aliyeona rangi ya trela wala namba. Niliuliza kila mtu aliyefika pale, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza, na kila mmoja alikuwa ameona migongo ya waliomtangulia.

Sasa turudi mlangoni mwa gereji.

"Nataka kujua," alisema Mama Mwikali, "kama taa za trela zinaweza kushikwa zisizime. Madereva wote wananiambia haiwezekani. Wananiambia trela ni trela, taa zake huzima zikipenda. Kama ni hivyo, basi yule mtu hakuwa na la kufanya, na mimi nitamsamehe na nilale. Kama si hivyo, nataka kujua pia."

"Na trela umenunua ya nini?"

"Utapimia wapi? Kwa trela ya mtu mwingine? Ataniambia ana haraka."

Ilikuwa trela ya kuvutwa nyuma ya lori. Lori lilikuwa lao tangu zamani, na dereva alikuwa Kimeu, mdogo wake marehemu. Trela yenyewe ilikuwa ya mkono wa pili, ya kijivu, yenye kutu, imenunuliwa kupitia dalali kwa mtu wa upande wa Kitui, naye aliinunua kwa mwingine. Mama Mwikali alitaka kuanza na ndengu za msimu ule. Magunia yalikuwa tayari stoo.

Kwetu gari haliingii kazini kabla halijaombewa, na haliombewi likiwa chafu. Siku chache kabla ya Jumapili ya kuiweka wakfu, akina mama wa kanisa lake walikuja na brashi na madebe ya rangi ya kijani. Walimpenda. Walikuwa wamekaa naye tangu matanga na hawakujua tena la kumfanyia, kwa hivyo walipaka rangi. Walipaka mbao na chuma, wakapaka bolti, wakapaka vishikizo vya taa mbele na nyuma. Nilipita nikamkuta mama mmoja mzee amelala chali kwenye gunia chini ya trela, anapaka.

"Mwaitu," nikamwambia, "huko hakuna atakayeona."

Alinijibu bila kuacha brashi, "Mungu haangalii upande wa barabarani peke yake."

Nilicheka nikaenda zangu. Kama ningekuwa na akili ningemnyang'anya brashi, maana rangi ni blanketi. Chuma kilichopakwa rangi mpaka ndani ya bolti hakimpitishi mgeni yeyote. Lakini ni nani angesimama mbele ya upendo wa namna ile aseme unaziba njia ya stima?

Jumapili ikapita na nyimbo zake. Jumatatu Kimeu akaunganisha trela na lori, akawasha, akashuka kutazama nyuma, akaja kuniita anacheka.

"Fundi, kuja uone. Nikiweka indiketa ya kushoto, trela nzima inakonyeza kama msichana wa baa."

"Kimeu," akasema Mama Mwikali.

"Samahani, shemeji. Inakonyeza kama mtu mwenye vumbi machoni."

"Mzigo haupandi."

"Shemeji, trela zote za barabara hii zinakonyeza!"

"Ndiyo maana mimi ni mjane," alisema, na Kimeu akavua kofia yake, akaishika tu mikononi.

Tatizo la kwanza la kutafuta ubovu wa taa Kambu ni jua. Saa sita mchana huwezi kujua kama taa ya nyuma inawaka au imezima. Kioo chenyewe ni chekundu, jua linakipiga, kila taa inaonekana imewaka. Mafundi wengine walikuwa wanasubiri jioni. Mimi nilikuwa natumia leso, ile kanga ya kina mama. Unajifunika kichwa pamoja na taa, kama wale wapiga picha wa zamani, na mle ndani unapata giza lako dogo la kufanyia kazi.

Siku ile sikuwa na leso. Mama Mwikali akatoa yake. Niliitandika juu ya taa ya nyuma ya kushoto nikaingiza kichwa. Nitawaambia kilivyo chumba hicho. Nuru inapita kwenye kitambaa ikiwa imechujwa, maandishi ya leso unayaona kwa nyuma, herufi zimegeuka. Kuna harufu ya sabuni na moshi. Magari unayasikia yakiwa mbali sana, hata kama yanapita hatua chache kutoka kwa miguu yako. Na mbele ya pua yako kuna taa ndogo nyekundu, kama kaa la jiko lililosahaulika. Nimekaa katika vyumba vya namna hiyo saa nyingi za maisha yangu, na mpaka leo nikisinzia mchana mara nyingi hujikuta humo.

"Unaona nini?" akauliza.

"Bado."

"Nami nataka kuona." Akainua upande wa pili wa leso, akaingiza kichwa chake.

Kambu yote ikaacha kazi ikatazama. Mjane wa kanisa na fundi wa waya chini ya leso moja, mchana, kando ya barabara ya Mombasa! Mwenye hoteli ng'ambo hakuweza kujizuia. "Fundi," akapaza sauti, "hiyo ni taa gani inayotafutwa na watu wawili?"

Mama Mwikali akajibu kutoka ndani ya leso, bila kuinua sauti sana, "Ni ile iliyokosekana siku ya Mutisya. Njoo uwe wa tatu."

Tukasikia mlango wa hoteli ukifungwa.

"Kimeu, kanyaga breki!" nikaita.

Hapo ndipo mtazame sana mkifanya kazi hii. Dereva akikanyaga breki, taa ya nyuma inatakiwa kuongeza mwanga. Ile yetu ilipungua. Kaa la jiko likawa jivu. Nilipomwambia aweke indiketa ya kushoto, taa ya kulia nayo ikaanza kupumua, juu chini, juu chini. Ukiona hivyo usiguse balbu, usiguse swichi. Stima imeingia kwenye taa, imetaka kutoka, imekuta mlango umepakwa rangi ya kijani, sasa inarudi kupitia taa nyingine. Mgeni amepitia chumba cha kulala.

Nilimweleza Mama Mwikali habari ya mgeni. Alisikiliza, nuru nyekundu ikiwa kwenye shavu lake.

"Kwa hivyo kinachoua si taa," akasema.

"Mara nyingi si taa."

"Ni kwamba hakuna aliyemsindikiza."

Nilifungua kishikizo cha kila taa, nikakwangua rangi ya akina mama chini ya bolti mpaka chuma kikang'aa. Nikakaza, kisha nikapaka grisi kidogo juu yake ili kutu isirudi. Kumbukeni mpangilio huo: kukwangua, kukaza, halafu grisi ya kufunika. Jioni ile taa zote zilisimama imara, breki ikawa breki, indiketa ikakonyeza upande wake peke yake. Kimeu alipiga makofi.

Mama Mwikali hakupiga. "Imesimama," akasema. "Mutisya hakugonga trela iliyosimama gerejini. Itembee."

Alikuwa sawa, na nilikasirika kidogo kwamba hakuwa fundi akawa sawa. Kesho yake tulipakia magunia ili iwe na uzito wake wa kweli. Mimi nililala kifudifudi juu ya magunia ya mwisho, kichwa kinaning'inia nyuma juu ya taa, leso imefungwa kwa kamba kuzunguka kichwa changu na taa. Miguu yangu walinifungia kwenye mbao. Kisha tukakuta shida: nikiona taa imezima, nitamwambiaje mtu aliye mbele? Mama Mwikali akaleta kamba ndefu ya katani. Mwisho mmoja nikaushika mimi. Mwingine akaupitisha dirishani, akakaa kando ya Kimeu, akaufunga kwenye mkono wake mwenyewe.

"Ikizima, vuta," akasema.

Tukaondoka. Watu wa Kambu wakanipa heshima zangu. Mmoja akapiga kelele, "Kimeu, huyo maiti mbona hujamfunika miguu?" Halafu sauti zikaisha, ikabaki barabara. Naikumbuka safari hiyo kama kitu nilichoota. Ndani ya leso taa inawaka, tulivu. Nje, kupitia nyuzi za kitambaa, lami inatoka chini yangu na kwenda zake, nyeusi, bila mwisho, na miti ya migunga inarudi nyuma mmoja mmoja. Ndengu zilikuwa na joto chini ya tumbo langu, zinasogea kidogo kama kitu kinachopumua. Nilikuwa karibu kulala.

Taa ikazima.

Nikavuta kamba. Taa ikarudi. Tukaenda. Ikazima tena, nikavuta, ikarudi. Mara nyingine ilizima kitambo, na katika kitambo hicho nilifikiri juu ya mtu anayekuja nyuma yetu saa ile ya kabla ya kupambazuka, haoni kitu mbele yake isipokuwa giza ambalo linafanana na barabara.

Lori likasimama. Nikasikia Mama Mwikali anashuka, anakuja nyuma upande wa nyasi, kamba bado mkononi.

"Kimeu ameinua mguu," akasema.

"Nini?"

"Kila ulipovuta, Kimeu alikuwa ameinua mguu kwenye mafuta. Akikanyaga, huvuti. Akiachilia tukianza kushuka, unavuta. Nimeangalia mguu wake safari yote."

"Shemeji, nilidhani unaniangalia vibaya kwa sababu ya soksi," Kimeu akasema.

Nilijifungua kwenye magunia nikaenda mbele moja kwa moja, penye pini kubwa inayoshikanisha trela na lori. Jibu lilikuwa pale muda wote. Trela za zamani hazikuwa na waya ya kurudia. Stima ilirudi kwenye lori kupitia pini hiyo, chuma kwa chuma, na pini ilikuwa imejaa grisi nzito na rangi. Lori likivuta, pini inabanwa, stima inapita. Dereva akiachilia mafuta kwenye mteremko, trela inasukuma badala ya kuvutwa, pini inaelea katikati ya grisi, haigusi huku wala kule. Taa zote za nyuma zinakufa pamoja. Trela inapopunguza mwendo, wakati aliye nyuma anahitaji taa kuliko wakati wote, ndipo zinapozima. Kwenye kituo hutaona kitu. Gerejini hutaona kitu.

Dawa yake ni waya moja. Unatoa waya nene kutoka chuma cha nyuma cha trela, unaipitisha pamoja na zile nyingine hadi kwenye plagi, unaipeleka kwenye chasisi ya lori. Pini iseme itakavyo.

Tulirudi Kambu. Kwenye boriti ya nyuma nilichagua mahali pa kufunga bolti ya erthi, katikati, palipokuwa na bonde kidogo kama chuma kilichowahi kupigwa na kunyooshwa kwa nyundo. Mama Mwikali alikuwa amesimama kando yangu, leso mkononi. Kimeu alikuwa ndani ya lori akiimba wimbo wa Jumapili. Nikaanza kukwangua kwa tupa. Kijani kikatoka. Kijivu kikatoka. Chini ya kijivu, ndani ya lile bonde, kulikuwa na mchirizi wa buluu, mrefu kama kiganja, haukupakwa kwa brashi. Ulikuwa umesagwa kwenye chuma.

Nikaacha kukwangua.

Mama Mwikali alilowesha kidole gumba kwa mate, akakipitisha juu yake. "Hii ni nini?"

"Ni buluu, Mama Mwikali."

"Naona ni buluu."

Nilimwambia ukweli niliokuwa nao. Trela huguswa na vitu vingi, magari, mageti, matangi. Nusu ya pikapu za Ukambani nzima zilikuwa na buluu hiyo. Kwa rangi peke yake fundi hawezi kusema.

"Fundi, niwashe?" Kimeu akaita. Akarudi kwenye wimbo wake.

"Sogeza bolti," akasema Mama Mwikali mwishowe. "Weka pale pembeni. Na hapa usipake rangi. Paka grisi."

Nikafanya hivyo. Nikafunga waya, nikaipitisha, nikaunganisha. Tukaingia chini ya leso mara ya mwisho, Kimeu akawasha, na taa ikawaka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa trela hiyo, nyekundu iliyoshiba. Kesho yake tulirudia ile safari, kamba mkononi mwake, mimi kwenye magunia. Tulipanda tukashuka, Kimeu akakanyaga, akaachilia, akafunga breki mpaka ndengu zikanisukuma. Sikuvuta kamba hata mara moja.

Aliposhuka aliniuliza, "Kwa hivyo inawezekana."

"Inawezekana."

"Ilikuwa kazi ngumu?"

Ningependa kusema ndiyo. Lakini alikuwa amekaa siku zote hizo kando yangu, ameona. "Ni waya moja na bolti moja," nikasema.

Akakaa chini kwenye jiwe la kando ya barabara, akaanza kuifungua kamba ya katani mkononi mwake. Ilikuwa imeacha alama.

Trela ile ilifanya kazi miaka mingi, na sikusikia imezima taa zote za nyuma popote. Kazi yangu nayo iliongezeka, kwa sababu Mama Mwikali alianza kusimama kando ya barabara. Akiona trela imepumzika Kambu na taa zake mbovu, anamwendea dereva. "Baba, nenda kwa fundi Muli akufungie waya ya kurudia." Wengine walimcheka. Wengine walikuja, na nikiwauliza ni nani amewatuma walikuwa wanaangalia chini. Kimeu aliwaambia wote kwamba ubovu ule uligunduliwa na mguu wake.

Mimi niliuliza, kama kawaida yangu. Mtu wa Kitui aliyeiuza trela aliniambia ilikuwa inabeba pamba na haikuwahi kufika barabara ya Mombasa. Aliyeinunua kabla yake akaniambia haikuwahi kutoka kwenye barabara ya Mombasa. Dalali alikuwa ameshahama. Nani aliinyoosha ile boriti kwa nyundo, na kwa nini, kila mmoja alisema aliikuta hivyo.

Sasa trela iko Tawa, kwa Mwikali bintiye, ambako Mama Mwikali mwenyewe anaishi uzeeni. Imetolewa magurudumu, imewekewa tangi la maji. Kijani kimepauka kikawa karibu na nyeupe. Lakini kwenye boriti ya nyuma kuna pale mahali pa kiganja, panang'aa grisi, kwa sababu anapapaka mwenyewe. Nilimtembelea baada ya kustaafu. Aliniletea chai, tukazungumza habari za Kambu, halafu akanipeleka stoo kunionyesha mbegu za ndengu alizoweka. Nyuma ya magunia, imeegemezwa ukutani, kulikuwa na madigadi ya pikapu ya Mutisya, ile ya juu ya gurudumu la mbele, imekunjika, buluu.

Aliona nimeiona.

"Fundi," akasema, "rangi hukaa miaka mingapi kabla ya kubadilika?"

Nikamwambia ya juani hupauka upesi. Iliyofunikwa, chini ya grisi au ndani ya stoo, inaweza kukaa vilevile maisha ya mtu.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango wa stoo. Kutoka hapo hadi kwenye trela ni ua tu, kuku wanavuka siku nzima. Madigadi bado iko ndani, trela bado iko nje, na hakuna aliyewahi kuviweka pamoja.